Barua ya wazi kwa mnaogawa fedha za utafiti: msisubiri mlipuko ndo mkumbuke nzi wa matunda

Kwenu wakubwa mnaokaa kwenye kamati za kugawa fedha za utafiti wa afya, na nyie mnaosaini bajeti kamati ikishamaliza,

Salaam. Naandika kama mtu wa maabara ya nzi wa matunda, wale wadogo wa macho mekundu wanaofuata matunda yaliyoiva kupita kiasi. Sina mambo mengi, nina moja. Kazi ya kutumia nzi hawa kuelewa virusi vinavyoingia kwenye ubongo wa binadamu mnaipa hela mlipuko wa ugonjwa ukitokea, alafu mlipuko ukipungua kwenye habari mnaikata, na nyie mnadhani mmeisimamisha tu mpaka siku nyingine wakati ukweli ni kwamba mmeiua. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjasema ni malalamiko ya kawaida ya watu wa maabara.

Tuanze na shida yenyewe. Ubongo wa mtu aliye hai huwezi kuukata kipande ukaangalie kila ukitaka. Mgonjwa akiletwa virusi vimeshafika kichwani, daktari ana picha za mashine, ana maji ya uti wa mgongo yaliyotolewa kwa sindano, ana homa na degedege anazoziona kwa macho yake, basi. Kilichotokea ndani ya seli za neva siku ya kwanza na ya pili hakuna aliyekiona, maana siku hizo mgonjwa mwenyewe alikuwa anaendelea na shughuli zake, hata kichwa hakijaanza kuuma. Na hizo siku ndo zenye majibu. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani na dalili zikishaanza, kupona ni jambo la nadra mno. Ensefalaitisi ya Japani, ugonjwa wa virusi vinavyovimbisha ubongo, inakadiriwa kuleta wagonjwa 68,000 kwa mwaka, na kati ya wale ambao ubongo unavimba hadi 30 katika kila 100 wanakufa, alafu wengi wanaobaki wanabaki na ulemavu, wengine hawasemi tena sawasawa, wengine hawatembei. Hawa sio watu wa kwenye karatasi. Kila nikisoma ombi letu limerudishwa na maandishi kwamba "mfano wa nzi uko mbali sana na binadamu" nawafikiria hao kwanza.

Uko mbali kiasi gani, tuseme ukweli. Nzi wa matunda ana jeni kama 14,000 hivi, na karibu robo tatu ya jeni za binadamu zinazojulikana kuhusika na magonjwa zina ndugu yake kwa nzi. Ubongo wake ni mdogo kuliko punje ya mchanga lakini una seli za neva, una seli za glia zinazozilinda na kuzilisha, una kizuizi cha kuzuia vitu vya kwenye damu visiingie ovyo, una kinga yake. Oktoba 2024 ramani nzima ya ubongo wa nzi jike mzima ilichapishwa, seli 139,255 na viungio kati yake zaidi ya milioni 50, kila seli na ile inayoongea nayo. Binadamu ana seli za neva kama bilioni 86 na ramani ya namna hiyo hatuna na hatutakuwa nayo karibuni. Kutoka yai mpaka nzi mzima ni siku kama 10 ukiwaweka kwenye nyuzi 25, kwahiyo unachouliza mwezi huu unaweza kukijua mwezi ujao, na unaweza kukiuliza kwa maelfu ya nzi sio kwa wagonjwa watano.

Alafu kuna kitu ambacho naona kamati nyingi hazikijui kabisa na mi ndo ninachokipenda kuliko vyote. Tangu 1993 Andrea Brand na Norbert Perrimon walipochapisha mfumo wa GAL4 na UAS, tunaweza kuwasha jeni tunayotaka kwenye seli tunazotaka tu. Maana yake ni nini kwa virusi? Maana yake unachukua protini moja ya virusi, moja tu, bila virusi wenyewe, unaiwasha kwenye seli za neva peke yake, au kwenye glia peke yake, au kwenye seli mama zinazozaa ubongo wa buu, alafu unaangalia nini kinaharibika. Hakuna kirusi hai, hakuna anayeweza kuambukizwa, na swali limekatwa vipande vipande mpaka linajibika. Kwa mgonjwa huwezi, kwa panya unaweza lakini utasubiri sana na utatumia fedha nyingi sana.

Sasa nisiongee kwa maneno matupu, niwape mlolongo mmoja mwanzo mpaka mwisho, na naomba muangalie miaka.

Miaka ya 1980, Christiane Nüsslein-Volhard na wenzake walikuwa wanachunguza jeni ya nzi iitwayo Toll. Walikuwa hawatafuti ugonjwa wowote. Walitaka kujua kiinitete cha nzi kinajuaje upande gani ni tumbo na upande gani ni mgongo. Mtu angewauliza wakati ule hii inamsaidia mgonjwa gani, wasingekuwa na jibu, na nadhani ombi lao lingepata shida sana mbele ya kamati za leo. Mwaka 1996 kule Strasbourg, Bruce Lemaitre na Jules Hoffmann wakaonyesha kwamba nzi ambaye Toll yake imeharibika anashindwa kupigana na fangasi, anaota ukungu mwili mzima anakufa. Kumbe jeni ile ya tumbo na mgongo ni ya kinga pia. Miaka miwili baadaye Bruce Beutler akaonyesha kwamba jamaa yake Toll kwa panya ndo inayotambua sumu ya bakteria, na miaka hiyohiyo watu walikuwa wanazitafuta ndugu zake Toll kwa binadamu, zikapatikana nyingi, moja wakaiita TLR3. Hoffmann na Beutler wakapata Nobeli 2011.

Na hapo ndo naomba mtulie. Kuna virusi vya hepesi, vile vinavyoleta malengelenge mdomoni, zaidi ya nusu ya watu duniani wa chini ya miaka 50 wanavyo na wengi hata hawajui. Lakini kwa mtoto mmoja mmoja, nadra sana, virusi hivyohivyo vinapanda mpaka kwenye ubongo na kuuharibu vibaya, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwanini huyu na sio yule, mtoto alikuwa mzima kabisa, hana upungufu wa kinga unaoonekana, magonjwa mengine anayashinda kama watoto wenzake. Mwaka 2007 kundi la Jean-Laurent Casanova likachapisha jibu: baadhi ya watoto hao wana hitilafu kwenye TLR3. Kinga ya mwili mzima iko sawa, mlango mmoja tu wa ubongo ndo haufungi. Familia iliyokuwa inajiuliza ilikosea wapi ikapata jibu kwamba haikukosea popote, na jibu hilo lilianzia kwa watu waliokuwa wanaangalia tumbo la nzi mchanga. Mngekata hela katikati hapo, mwaka wowote ule katikati, kwa sababu "haina uhusiano wa moja kwa moja na binadamu", mlolongo ungekatika.

Mlolongo wa pili ni wa Zika na huu mnaukumbuka wenyewe maana mlikuwepo kazini. Virusi vya Zika vilipatikana 1947 kwenye msitu wa Zika Uganda, kwa nyani aliyewekwa pale kwa ajili ya utafiti wa homa ya manjano, na kwa miongo mingi vikaonekana ni vya homa nyepesi tu, nani atoe hela kwa homa nyepesi. Mwaka 2015 Brazili wakaanza kuona watoto wanazaliwa na vichwa vidogo kuliko kawaida, wengi kwa mpigo. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa, na Novemba mwaka huohuo dharura ikafungwa. Hiyo miezi ya katikati fedha zilikuwepo, kila mtu alikuwa mtafiti wa Zika.

Lakini angalieni kilichotokea kabla. Mwaka 2014, mwaka mzima kabla ya Brazili, kundi la Hugo Bellen kule Houston lilichapisha kazi kubwa ya nzi, walikuwa wanaharibu jeni za kwenye kromosomu ya X ya nzi moja baada ya nyingine na kuangalia mfumo wa neva unaharibikaje, alafu wanatafuta kama kuna binadamu wenye hitilafu kwenye jeni ndugu. Mojawapo ni ANKLE2. Nzi asiyekuwa nayo sawasawa ubongo wake unakuwa mdogo, na wakapata familia ambayo watoto wake walizaliwa na vichwa vidogo sana na hitilafu iko kwenye ANKLE2. Hakuna Zika hapo, hakuna mlipuko, ni kazi ya uvumilivu tu. Alafu mlipuko ukaja, watu wakachukua protini za Zika moja moja wakaangalia zinashikana na protini gani za binadamu, na protini ya Zika iitwayo NS4A ikaonekana inashikana na ANKLE2. Wakaiwasha NS4A kwenye buu wa nzi, ubongo ukawa mdogo. Wakaongeza ANKLE2 ya binadamu, narudia, ya binadamu, ndani ya buu huyo wa nzi, na ubongo ukarudi karibu na kawaida. Hiyo ilichapishwa 2018, na 2019 ikafuata kazi iliyoeleza ndani zaidi jinsi seli mama za ubongo zinavyoshindwa kugawanyika vizuri. Kama ile kazi ya 2014 isingekuwepo, jina ANKLE2 lingekuwa mstari mmoja kwenye orodha ndefu ya protini na hakuna ambaye angejua aanzie wapi.

Ndo maana nasema hela ya mlipuko peke yake haisaidii, inakuta watu hawana pa kuanzia. Kilichosaidia 2016 kililipiwa na watu ambao 2010 hawakujua Zika itakuja.

Kuna swali lingine ambalo mi naliona ndo kubwa kuliko yote kwenye virusi vya ubongo na ambalo nzi wanalijibu vizuri: ni virusi ndo vinaua ubongo au ni kinga yenyewe? Maana seli za neva zikifa nyingi hazirudi, sio kama ngozi. Kinga ikiwaka kidogo virusi vinashinda, ikiwaka sana inachoma nyumba inayoilinda. Mwaka 2018 kundi la Sara Cherry kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba Zika ikiingia kwenye ubongo wa nzi mzima inawasha njia ya uvimbe ya NF-kB, njia hiyo inaongeza protini iitwayo STING, na STING inaiambia seli ianze kujisafisha kwa kumeza na kuyeyusha vitu vyake vya ndani, virusi navyo vinamezwa humo. Ukizuia usafi huo virusi vinaongezeka kwenye ubongo na nzi anakufa, ukiuongeza kwa dawa nzi analindwa. STING tunayo na sisi, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa kazi nyingine ya kuita intafaroni, protini za mwili za kupambana na virusi, na nzi hana intafaroni kabisa, kwahiyo pengine hii ya usafi ndo kazi yake ya zamani zaidi. Hiyo ni upande wa uvimbe unaookoa. Upande wa pili, 2013 watafiti walichapisha kazi ya nzi ambao breki ya njia hiyohiyo ya kinga imeharibika, jeni inaitwa dnr1, na ubongo wao ukaanza kuoza taratibu bila kirusi chochote kuwepo, kinga tu imekataa kuzimika.

Yaani kitu kimoja, nzi walewale, kwenye kipimo kimoja kinaokoa na kwenye kipimo kingine kinaua. Mnaona thamani yake kwa daktari anayesimama mbele ya mgonjwa ambaye ubongo umevimba na anatakiwa aamue leo atulize kinga au aiache? Kwa wagonjwa huwezi kupandisha na kushusha kinga ngazi kwa ngazi uone. Kwa nzi ndo kazi ya kila siku.

Na kwa anayedhani nzi na virusi vya neva ni mtindo wa juzi, mwaka 1937 Ufaransa Philippe L'Héritier na Georges Teissier waliona kwamba baadhi ya nzi wao wakilazwa kwa hewa ya kaboni dioksaidi, ambayo mpaka leo tunaitumia kuwalaza ili tuwachambue kwa darubini, hawaamki, wanapooza wanakufa, wakati wenzao wanaamka baada ya dakika chache. Sababu yake ilikuja kujulikana ni virusi, vinaitwa sigma, vinakaa kwenye mfumo wa neva wa nzi na kurithishwa kupitia mayai na mbegu za kiume. Na virusi vya sigma ni vya familia moja na virusi vya kichaa cha mbwa. Ndugu wa kichaa cha mbwa anakaa ndani ya nzi anayefugwa kwenye chupa, hamng'ati mtu, na tunaweza kumchunguza kizazi baada ya kizazi. Mi hilo kila nikilifikiria naona ni bahati ambayo hatujaitumia hata nusu.

Sitaki kuwauzia kitu kisichokuwepo. Nzi hatengenezi kingamwili, hana zile seli za kinga zinazokumbuka ugonjwa miaka na miaka, kwahiyo chanjo hutaipima kwake. Anaishi kwenye nyuzi 25 na sisi mwili wetu ni 37, na kuna virusi vinavyobadilika tabia kwa tofauti hiyo. Virusi vingi vya binadamu tunavimwingiza nzi kwa sindano ya kioo kifuani, sio njia ya asili. Kizuizi cha ubongo wake kimejengwa na glia, chetu kimejengwa hasa na seli za mishipa ya damu. Kwahiyo kila tunachokipata lazima kivushwe, kiende kwenye seli za binadamu zilizokuzwa maabara, kiende kwa panya, ndo kifike kwa mgonjwa, na vingine vitafia njiani, hiyo ni kawaida. Lakini hapo kwenye kuvusha ndo hamtoi hela kabisa! Watu wa nzi wanaambiwa nyie ni wa nzi, watu wa wagonjwa wanaambiwa nyie leteni matokeo ya binadamu, na katikati hakuna mtu. Mnatulaumu kwamba matokeo hayafiki kwa wagonjwa na hamjawahi kulipia safari.

Sasa nifike kwenye neno kuua nililolitumia mwanzo, sikulitumia kwa hasira. Bakteria utawagandisha, seli utazigandisha, utafunga friji urudi baada ya miaka mitano utawakuta. Nzi sio hivyo. Njia ya kugandisha viinitete vya nzi ilichapishwa 2021 lakini bado sio kitu ambacho maabara nyingi zinakifanya, kwahiyo karibu kila ukoo wa nzi duniani, yaani kila kundi la nzi wenye jeni zao maalum, unatunzwa hai, mtu anakaa anawahamisha kutoka chupa ya zamani kwenda chupa mpya yenye chakula kipya, kila baada ya wiki chache, bila kukosa, sikukuu iwepo isiwepo. Ghala kubwa la Bloomington kwenye Chuo Kikuu cha Indiana lina koo makumi ya maelfu kwa namna hiyo. Mradi ukifungwa na mhamishaji akaondolewa kazini, ndani ya miezi michache koo ambazo mtu alizitengeneza kwa miaka zinakuwa chupa zilizokauka. Mlipuko mwingine ukija mkafungua pochi, mtakuwa mnalipa watu waanze sifuri.

Na sio nzi tu, na kumbukumbu zake. FlyBase, hazina ya data ambayo tangu 1992 inakusanya kila kinachojulikana kuhusu jeni za nzi huyu na ambayo maabara za dunia nzima zinaitumia kila siku ya kazi, mwaka 2025 ilipoteza ruzuku yake ya serikali ya Marekani ikabidi iombe watumiaji wachangie. Fikirieni hilo, chombo ambacho kinasaidia daktari aliyepata hitilafu ya jeni kwa mtoto aone ndani ya dakika moja kama kuna nzi mwenye hitilafu hiyohiyo na nini kinampata, kikapitisha bakuli.

Ninachoomba ni hiki. Tengeni fungu la nzi na virusi vya ubongo ambalo halifungwi na dharura, liwe dogo sawa, lakini liwe la miaka mingi mfululizo, maana fungu kubwa la miezi kumi na nane halihamishi chupa za mwaka wa tatu. Ndani yake wekeni mishahara ya wanaotunza koo na wanaotunza data, hao ndo wa kwanza kukatwa na ndo wa mwisho kukumbukwa kwenye ripoti. Wekeni hela ya kuvusha, ombi la watu wa nzi na watu wa hospitali wakiwa pamoja lisomwe kama ombi moja, lisirushwe kati ya kamati mbili mpaka lichoke. Acheni kudai dawa ndani ya miaka mitatu, mmeona wenyewe Toll mpaka TLR3 ilichukua miaka zaidi ya 20. Na kwenye kila kamati inayosoma maombi ya virusi vya ubongo awepo angalau mtu mmoja aliyewahi kukaa na nzi kwenye darubini, sio kwa upendeleo, ni ili maswali mtakayotuuliza yawe makali zaidi ya hayo tunayoulizwa sasa.

Kataeni ombi letu kama swali ni dhaifu, kama vipimo havitoshi, kama hatujasema tutavukaje kwenda kwa binadamu, hapo hatutalalamika tutaenda kuandika upya. Ila mkikataa mtuandikie sababu hiyo, kwa ombi hilo, na mliandike kabla kipindi cha fedha kilichopo hakijaisha, ili tujue mapema ni koo zipi tuzigawe kwa maabara nyingine wakati bado ziko hai.

Wenu,
mtu wa maabara ya nzi